Neno "run" kwa msemaji wa Kichina, na kwa nini Mswahili asipitie Kiingereza akijifunza Kichina

Mkalimani wa Kkoo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome akitulia.

Kuna swali linajirudia kila anapotokea kijana anayetaka kujifunza Kichina: "Kiingereza ninacho, si nitapitia humo humo?" Wengi humjibu ndiyo. Mimi namjibu hapana, na leo nitatumia neno moja tu la Kiingereza kueleza sababu. Neno lenyewe ni "run". Mtoto wa shule ya msingi analijua, lakini kwa msemaji wa Kichina lina mitego mingi kuliko maneno mazito ya sheria na forodha.

Kwanza ukubwa wake. Kwa miaka mingi neno lililoongoza kwa wingi wa maana katika Oxford English Dictionary lilikuwa "set". Toleo la 1989 lililipa maana 430 hivi. Wahariri walipoifikia "run" wakiandaa toleo jipya, mambo yakageuka. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba "run" kama kitenzi peke yake ina maana 645. Mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo, Peter Gilliver, ilimchukua takriban miezi 9 kuzipanga. Sababu moja inayotajwa ni mashine: reli, viwanda na baadaye kompyuta vilipoingia, kila kilichoanza kufanya kazi chenyewe Mwingereza alikipa "run".

Sasa mfikirie mwanafunzi wa China. Siku ya kwanza anafundishwa kwamba "run" ni pǎo (跑), kukimbia kwa miguu, basi. Anakua nalo hivyo. Akiingia kwenye maandishi halisi ya Kiingereza anakuta mto una-"run", na kwa lugha yake mto hufanya liú, kutiririka. Pua nayo ni liú bítì, kutiririka kamasi. Mwenye duka kwake hufanya kāi, au kwa lugha ya ofisini jīngyíng. Basi la kila nusu saa ni kāi tena, maana kāi imebeba kufungua, kuwasha na kuendesha kwa pamoja. Programu ya kompyuta ni yùnxíng. Anayewania cheo ni jìngxuǎn, neno lililoungwa kwa kushindana na kuchagua. Gazeti likitoa tangazo ni kāndēng. Mafuta yakiisha ni méi le, hakuna tena. Ukikutana na mtu bila kutarajia ni pèngjiàn, yaani kugonga na kuona. Homa ni fāshāo. Ugonjwa wa ukoo ni yíchuán. Pǎo haimo hata katika mojawapo.

Mswahili arudie aya hiyo kwa lugha yake. Mto unatiririka. Kamasi zinatoka. Duka linaendeshwa. Fulani anagombea. Mafuta yameisha. Nimegongana na shemeji Posta. Ugonjwa wa kurithi. Hata sisi "kimbia" haimo hata mara moja! Kazi ambayo Mwingereza anaifanya kwa kitenzi kimoja, Mchina ameigawa kwa vitenzi vingi, na sisi tumeigawa vilevile, mara nyingi pale pale alipogawa yeye. Kuchukua vitenzi vyetu vilivyo wazi, kuvirundika vyote ndani ya "run", kisha kumwachia Mchina avitenganishe upya ni kujitafutia kazi mbili ambapo ilikuwepo moja.

Nilete mfano wa kazini. Mama mmoja wa vitenge mtaa wa Kongo alikuwa anaongea kwa WeChat na muuzaji wa Keqiao, kule Shaoxing, kwenye lile soko kubwa la vitambaa. Alitaka kujua jambo ambalo kila mteja wa Kariakoo huuliza kabla hajafungua pochi: kinachuja? Kijana wake anayejua Kiingereza akaandika maneno mawili, "Color run?" Programu ya kutafsiri ikayageuza kuwa cǎisè pǎo, na kwa Kichina hizo ni zile mbio ambazo watu hurushiana unga wa rangi. Muuzaji akauliza kwa adabu kama wanahitaji fulana za mbio, na idadi gani. Nusu saa ikaenda.

Swali sahihi ni fupi sana: Huì diàosè ma? Neno kwa neno, "itaangusha rangi?" Kiswahili "kinachuja" na Kichina diàosè ni kitu kimoja, kila upande una kitenzi chake mahususi. Na ukitaka kwenda ndani zaidi, muulize sè láodù, yaani uimara wa rangi. Kwa kufua hupimwa kwa daraja 1 hadi 5, na 5 ndiyo bora. Muuzaji makini atakutumia karatasi ya kipimo. Anayekwepa swali hilo mwogope.

Wa viatu pia wana lao. Kiingereza husema kiatu kina-"run small". Sisi tunasema "saizi zake ndogo, panda namba moja". Mchina husema piānxiǎo, kimeegemea udogo, na utaliona neno hilo kwenye maelezo ya bidhaa na kwenye maoni ya wateja wao. Ukiliona, agiza namba ya juu. Kiwanda kikisema kitafanya "trial run", muulize kama ni shìchǎn, uzalishaji wa majaribio, maana hapo ndipo bado una nafasi ya kurekebisha kabla mzigo wote haujatoka.

Sisemi programu za tafsiri ni mbaya. Siku hizi ukizipa sentensi nzima yenye mtenda na mtendwa zinajitahidi sana. Tabu ni sisi kuandika Kiingereza cha maneno mawili matatu ya haraka, na neno kama "run" likikosa jirani wa kulisaidia, mashine hukisia tu.

Kuna upande wa pili ambao vijana hawaambiwi. Pǎo nayo ina maisha yake, na haiendi sawa na "run". Ukitoka nje ya mada ni pǎotí. Ukiimba nje ya sauti ni pǎodiào. Kutumwa huku na kule ni pǎotuǐ, kukimbiza mguu, na leo ndiyo jina la kazi ya vijana wa pikipiki wanaotumwa dawa au nyaraka mijini. Bosi akitoroka na madeni ni pǎolù. Neno hili lilijaa magazetini mwaka 2011 pale Wenzhou, wenye viwanda walipokuwa wakipotea mmoja mmoja baada ya mikopo ya mitaani kuwashinda. Ukisikia mtu wa kiwandani anasema kwa sauti ya chini kwamba lǎobǎn pǎolù le, yaani bosi ametoroka, usitume malipo ya awali.

Karibuni wenye uzoefu. Nawaomba hasa walimu, watu wa afya na mnaoishi huko.

---

Binti Lugha

Mkuu, ahsante kwa uzi. Mimi nimefundisha Kiingereza kwa wanafunzi wa Kichina, na jambo ulilolieleza wao wameshalipa jina: shúcí shēngyì, maneno uliyoyazoea yenye maana ngeni kwako. Walimu wa sekondari wanaotayarisha watoto kwa gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, huwa na orodha zake. Humo utakuta "run", "address", "cover", "meet", "book". Hakuna neno refu hata moja. Mtoto hatishwi na neno la silabi tano, maana akiliona anajua halijui, atalitafuta. Linalomwangusha ni lile ambalo akiliona moyo wake unatulia.

Nimeona pia kwamba wanayakwepa. Kuna utafiti wa mwaka 2004 wa Liao na Fukuya kuhusu wanafunzi wa Kichina na vile vitenzi vya Kiingereza vinavyobeba kijineno nyuma, kama "run into" na "run out". Wa kiwango cha kati walivikwepa wakachagua kitenzi kimoja kizima. Waliobobea walivitumia karibu kama wenyeji. Hiyo inalingana na nilichokiona darasani. Mwanafunzi wangu hasemi "we ran out of paper", atasema "there is no paper", kwa sababu nyuma yake kuna méi zhǐ le. Ni Kiingereza safi, ila kinamfunga mlango anaposikiliza wengine, kwa kuwa wao hawatamkwepea.

Nililofanya likasaidia ni kuacha kuwapa orodha. Nilikuwa nawauliza: nani ana-"run"? Kama ni kiowevu, fikiria liú. Kama ni chombo au mashine, fikiria kāi au yùnxíng. Kama ni biashara au ofisi, guǎnlǐ au jīngyíng. Kama ni muda au mkataba, fikiria urefu wake. Mtenda ndiye anayekuambia maana, kitenzi chenyewe hakisemi kitu. Ukiijua njia hiyo, hata maana ya 600 hukutani nayo mikono mitupu.

---

Nesi wa Unguja

Assalaam alaykum nyote. Nasoma nikiwa zamu.

Huku madaktari wa Kichina si wageni. Timu za kwanza zilifika Zanzibar mwaka 1964 kutoka jimbo la Jiangsu, na mpaka leo wanapokezana, Mnazi Mmoja na Pemba pale Abdulla Mzee. Bara walianza kupelekwa mwaka 1968 kutoka Shandong. Kwa hiyo sisi wauguzi tunasimama katikati: mgonjwa Kiswahili, daktari Kichina, na Kiingereza ndiyo daraja.

Sasa kuna "running stomach". Hicho ni Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki. Mgonjwa aliyesoma kidogo hulisema kwa kujiamini, na muuguzi mgeni hulipitisha kama lilivyo. Daktari aliyetoka Nanjing anajua "run", anajua "stomach", lakini hajafundishwa wakiwa pamoja. Tumbo linakimbia? Maumivu yanahama? Gesi? Kiingereza alichosoma yeye kilimpa "diarrhoea". Na sisi hatukulitoa hewani neno letu: tunasema tumbo linamwendesha, anaendesha. Tumelitafsiri hilo tukadhani tumesema Kiingereza cha kila mtu.

Nimejifunza kusema lā dùzi moja kwa moja. Lā ni kuvuta, na pia ni kwenda haja. Dùzi ni tumbo. Kisha namwonyesha idadi kwa vidole, mara ngapi tangu asubuhi, na kama ni maji matupu nasema shuǐ. Uso wa daktari unabadilika papo hapo na anauliza kuhusu damu na kiu, maswali yanayotakiwa. Kwa mtoto mchanga dakika hizo zina thamani kubwa.

Nawaomba wenzangu wa hospitali waandike karatasi ya mistari michache tu: kuharisha, kutapika, homa, kamasi, kifafa. Kiswahili upande huu, Kichina upande ule. Kiingereza kisiwemo kabisa kwenye karatasi hiyo.

---

Msimbo wa Nairobi

Niaje wakuu. Mimi ni mtu wa kompyuta, nafanya kazi na timu ya Shenzhen.

Mleta uzi amesema programu ni yùnxíng. Ni kweli kwenye vitabu na kwenye vitufe. Lakini waandishi wa programu wa Kichina wakiongea wao kwa wao wanasema pǎo. Pǎo chéngxù, kukimbiza programu. Pǎo dàimǎ (msimbo), pǎo shùjù (data), na siku hizi za akili mnemba ni pǎo móxíng (modeli) usiku kucha. Simu ikipimwa kasi yake kwa alama ni pǎofēn. Kwa hiyo hapa "run" imepenya, imempa pǎo kazi mpya ambayo zamani haikuwa nayo. Haya si makosa ya mwanafunzi. Ni lugha yao inakua mbele ya macho yetu.

Tahadhari moja. Pǎofēn ina maana nyingine ya kihalifu: kukodisha akaunti yako ili fedha chafu zipite. Mkenya au Mtanzania aliyeko China akipewa "kazi rahisi ya pǎofēn" aikatae mara moja, ni jela hiyo.

Kuhusu siasa naongeza. Mmarekani ana-"run", Mwingereza ana-"stand". Sisi Wakenya tuna vyote: fulani anasimama kiti cha ubunge, fulani anawania. Mwenzangu mmoja wa Shenzhen alisoma kwa vitabu vya Uingereza, akaona kwenye gazeti la huku mtu "will not run", akauliza kama mheshimiwa anaumwa miguu. Aliuliza kwa nia njema kabisa. Jìngxuǎn ingemaliza suala.

---

Mzee wa Reli

Vijana, mnaandika vizuri. Ila huyu mleta uzi anapotaka Kiingereza kitolewe njiani, namuuliza: tutakitoa vipi? Muuzaji wa Keqiao hajui Kiswahili. Mkataba unaandikwa Kiingereza. Mashine inakuja na kitabu cha Kiingereza. Enzi za TAZARA, miaka ya 1970 hadi 1975 reli ilipojengwa kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, Wachina na Watanzania walifundishana kwa ishara, kwa Kiswahili cha kuokoteza na kwa Kiingereza cha wakalimani. Kila kilichosaidia kilitumika. Kwa nini leo tujinyime lugha moja?

---

Mkalimani wa Kkoo

Shikamoo Mzee wangu.

Umenigusa penyewe, na sehemu ya hoja yako naikubali. Mkataba ukiandikwa Kiingereza lazima tuusome kwa Kiingereza. Ninachopinga ni kujifunza Kichina kwa kamusi ya Kiingereza, neno kwa neno, kana kwamba Kiingereza ndicho mama wa lugha zote mbili. Na mfano wako mwenyewe unanisaidia: mafundi wale wa reli walishikana kwa kitu kilicho mbele yao. Mmoja ameshika spana, mwingine anataja jina. Hakuna aliyesema "run" pale. Walisema washa, zima, vuta, endesha, na Mchina akasema kāi, guān, lā. Hizo ni jozi zilizonyooka.

Redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Maana yake kwa zaidi ya miaka 60 kuna Wachina wanaotoka Kichina kwenda Kiswahili bila kupitia London. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa 2005, ya kwanza Afrika. Watu wapo, walimu wapo. Kinachokosekana mikononi mwa kijana wa Kariakoo ni daftari la jozi hizo za moja kwa moja.

---

Mkazi wa Xiaobei

Niko Guangzhou, naongeza jambo la hapa.

Wakuu mnaokuja kufunga mizigo, mtasikia wenyeji wanasema kitu kisichofanana na Kichina mlichosoma. Ni Kikantoni. Kwa Kimandarini kutembea au kuondoka ni zǒu (走) na kukimbia ni pǎo. Kwa Kikantoni kutembea ni haang, na ile herufi 走, ambayo wao huitamka zau, bado ni kukimbia. Kikantoni ndicho kimehifadhi maana ya zamani. Hata maandishi ya kale kwenye shaba yanaonyesha hivyo: mtu anarusha mikono, chini yake kuna mguu. Ni mtu mbioni.

Hilo linafungua fumbo moja la historia ambalo wazee wa hapa watalipenda. Enzi za vita baridi mlisikia Kiingereza cha Peking kikisema "running dogs" wa mabeberu. Kwa Kichina ni zǒugǒu. Mtu aliyesoma zǒu ya leo angetegemea "mbwa anayetembea". Lakini hapo zǒu ni ile ya kale: mbwa wa mbio, mbwa wa kuwinda anayemkimbizia bwana wake sungura. Sima Qian, mwanahistoria wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ana usemi kwamba sungura akishakufa mbwa wa mbio hupikwa. Aliyetafsiri "running dogs" alijua Kichina chake cha kale. Na Mswahili wa miaka ile hakuhangaika na mbwa wala mbio, alisema vibaraka, na kila mtu akaelewa.

---

Msoma Habari

Nashangaa mpaka hapa hakuna aliyegusa "run" iliyobeba uzito kuliko zote kwa Wachina wa leo. Mniruhusu nieleze taratibu.

Kuna herufi 润, inasomwa rùn. Maana zake za asili ni nzuri tupu: unyevu, kulainisha, faida. Faida ya biashara ni lìrùn. Kuboresha maandishi ya mtu ni rùnsè. Mafuta ya midomo ni rùnchún gāo. Ila ukiiandika kwa herufi za Kilatini, kwa mfumo wa pinyin uliopitishwa mwaka 1958, inatoka r-u-n. Kwa macho ni sawasawa na neno la Kiingereza.

Vijana wa mitandaoni wakaiona nafasi hiyo. Wakaanza kuandika 润 wakimaanisha "run": kuondoka, kuhama nchi. Sikilizeni vizuri, hazifanani kwa sauti. Rùn ya Kichina huanza kwa sauti iliyo kati ya r na j laini, na irabu yake iko karibu na "uen". Mtu akiitamka, Mwingereza hasikii "run" hata kidogo. Ufanano uko kwenye kibodi, kwa kizazi ambacho huandika Kichina kwa kubonyeza herufi za Kilatini siku nzima. Na kwa kuwa 润 ni herufi njema, ya unyevu na faida, mtu aliweza kuitumia hadharani bila kutamka neno "kuhama".

Lilishika moto mwaka 2022. Shanghai, mji wa watu wapatao milioni 25, ulifungwa kwa ajili ya korona kuanzia mwisho wa Machi, na ukafunguliwa Juni 1. Watu walikaa ndani wakisubiri chakula kwa mgao, wengine milango imewekewa vizuizi. Hapo rùn ikawa mazungumzo ya kila kundi la marafiki. Ikazaa rùnxué, "elimu ya rùn": visa gani, nchi gani, kazi gani, kiasi gani cha akiba. Ilikuja ikifuatana na tǎngpíng ya 2021, kujilaza na kukataa kushindana. Mmoja alijilaza, mwingine akaondoka.

Kiswahili cha Bongo kina "kuzamia", na wengi wataona ni hiyo hiyo. Mimi natenganisha. Rùn inamchukua hata mtu anayekwenda kusoma shahada ya pili, au aliyeuza nyumba akapata ukaazi wa mwekezaji. Kuzamia kwetu kuna meli, kuna kujificha, kuna hatari. Lililo karibu na kuzamia ni zǒuxiàn, kutembea mstari: kushuka Ecuador, kupita msitu wa Darién na Amerika ya Kati hadi mpaka wa Marekani. Mwaka 2023 zaidi ya Wachina 37,000 walikamatwa kwenye mpaka wa kusini wa Marekani. Ecuador ikasitisha ruhusa ya kuingia bila visa kwa Wachina kuanzia Julai 1, 2024. Nimesoma maelezo ya watu waliopita njia ile wakiwa na watoto mgongoni, na sioni haki kulichukulia neno hilo kama mchezo wa maneno tu.

Kwa hiyo mtu akikuandikia "我想润" kwenye WeChat, programu yako inaweza kukupa "nataka kulainisha". Anakuambia jambo kubwa la maisha yake. Mjibu kwa uzito wake, na usilitangaze kwenye kundi la biashara ambalo wenzake wa kazi wamo.

---

Binti Lugha

Ahsante Msoma Habari, hili nimelipokea kwa moyo. Naongeza kwamba wanafunzi wangu walikuwa wanaiandika hivyo hivyo hata wakichanganya na Kiingereza, na ukiwauliza "run" ina maana gani wanacheka kwanza, kisha wananyamaza. Hiyo haimo katika zile maana 645.

---

Mama Vitenge

Nimesoma yote, Mungu awabariki. Nina swali la haraka. Nimeletewa mkataba wa kukodi ghala Yiwu kwa pamoja na wenzangu. Umeandikwa "this agreement shall run for two years", na mahali pengine "in the long run the parties may extend". Upande wa Kichina siwezi kusoma. Niangalie nini nisije nikabanwa?

---

Mkalimani wa Kkoo

Dada, piga picha ukurasa wa Kichina utafute herufi tatu hizi: 有效期, yǒuxiàoqī, kipindi cha kutumika. Karibu nazo lazima uone 两年, miaka miwili, na tarehe mbili kamili, ya kuanzia (自) na ya kuishia (至). "Run for two years" peke yake haikuambii inaanza kuhesabiwa lini: siku ya kusaini, siku ya kupewa funguo, au siku ya kulipa amana. Wadai waandike tarehe.

Hiyo "in the long run" kwa Kichina kwa kawaida huwa cóng chángyuǎn lái kàn, "ukitazama mbali". Ni maneno ya nia tu, hayamfungi mtu. Kama mmekubaliana kuongeza muda kwa kodi ile ile, kiandikwe kifungu cha 续租, xùzū, kuendeleza upangaji, chenye bei na siku za kutoa taarifa. Kisipokuwepo, usitie muhuri. Na tafuta pia mstari unaosema, lugha mbili zikipingana, ipi inatawala. Kama wameandika 以中文为准, basi Kichina ndicho kitakachosomwa mbele ya hakimu, na hiyo "run" ya upande wa pili haitakusaidia kitu.